Kidonge Kutoka Maskati

Muuguzi alimshika shangazi mkono penye mshipa wa kifundo, daktari akaweka kipimo cha kusikilizia juu ya kifua chake, na wote wawili wakahesabu kwa dakika moja wakiifuata saa ileile ya ukutani. Muuguzi alipata 84. Daktari alipata 112. Shangazi, ambaye hapendi jambo lipite mbele yake bila kuelezwa, aliuliza ni nani kati yao aliyekosea kuhesabu.

Hakuna aliyekosea.

Moyo wake ulikuwa umepiga mara 112, lakini mapigo 28 miongoni mwa hayo yalikuja upesi mno, kabla chumba cha chini cha moyo hakijajaa, hata damu iliyosukumwa ikawa haba na haikufika mkononi kwa nguvu ya kuhisika. Daktari alimweleza hivyo kwa utulivu, kisha akaziandika namba zote mbili katika daftari lake la kliniki. Mimi nilikuwa msindikizaji tu, na ningerudi Pemba nikiwa msindikizaji tu, lau shangazi asingefungua mkoba wake dakika ileile na kutoa boksi la dawa.

## Boksi

Boksi lilitoka Maskati. Mwanawe mkubwa anafanya kazi huko, na kama watoto wengi wa Pemba walioko Omani, hutuma nyumbani kila anachoamini kwamba kitampunguzia mama yake taabu. Safari hii alimpa msafiri vidonge vya rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu isigande, vya kutosha miezi kadhaa. Jirani yake huko, mzee mwenye maradhi ya mapigo ya moyo, alikuwa amemweleza kwamba dawa hiyo haihitaji kupimwa damu kila mara, haigombani na mboga za majani, na humezwa kwa kiasi kilekile mwaka mzima.

Anayeijua safari ya kutoka Wete hadi kliniki ya Unguja ataelewa kwa nini habari hiyo ilipokewa kwa furaha. Ni kuondoka nyumbani usiku, kushuka na gari hadi Mkoani, kuivuka bahari ambayo wakati wa kusi haina huruma kwa mtu mwenye moyo dhaifu, na kulala kwa jamaa, yote hayo kwa ajili ya damu kidogo na namba moja inayoonyesha kama warfarini, dawa yake ya siku zote ya kuzuia damu isigande, imezidi au imepungua.

Daktari alilisoma boksi pande zote, akamrudishia. “Mama, hii ni dawa nzuri, lakini kwa moyo wako haifai. Wewe endelea na warfarini na uje kupimwa kama tulivyopanga.”

Foleni ilikuwa ndefu, na maelezo yakaishia hapo.

Shangazi hakubisha mbele ya daktari. Tulipokuwa tunasubiri boti ndipo aliponiuliza: “Mwanangu, kwani moyo wangu na wa yule mzee wa Maskati ni mioyo ya aina mbili?” Usiku ule mwanawe wa Maskati, binamu yangu, alipiga simu, na yeye hakuuliza, alihukumu. Alisema kwamba dawa ya zamani ndiyo ya watu wa visiwani, na dawa mpya ni ya wenye nchi zao.

Sikuwa na la kumjibu, na wiki zilizofuata sikupata raha. Tuhuma ya binamu haikuwa ya kipuuzi. Ni mara nyingi katika historia ya tiba mtu maskini amepewa kilichobaki, kisha akaambiwa kwamba hicho ndicho kinachomfaa. Niliona kwamba sina haki ya kumtuliza shangazi kwa maneno ya juu juu, na sina haki vilevile ya kumtia shaka juu ya dawa inayomweka hai, mpaka nijue neno la daktari lilisimama juu ya nini.

## Jina lililojirudia

Nilianza kusoma, na katika tafiti kubwa juu ya maradhi haya jina moja lilinijia mara kwa mara: Stuart Connolly, daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster mjini Hamilton, Kanada. Ugonjwa alioutumikia kwa miaka mingi ndio huu wa shangazi, fibrilesheni ya atria, ambapo vyumba vya juu vya moyo huacha kujikaza kwa mpango na kubaki vikitetemeka, huku chumba cha chini kikipokea amri za umeme bila utaratibu. Damu iliyomo katika chumba cha juu cha kushoto, hasa katika kifuko chake cha pembeni, hutulia kama maji ya dimbwi yaliyokosa mkondo. Damu iliyotulia huganda. Bonge likichomoka na kupanda kichwani, mtu anapata kiharusi.

Kwa zaidi ya nusu karne kinga kuu ilikuwa warfarini, dawa yenye nguvu na yenye masharti. Namba ya kipimo chake, INR, inatakiwa ikae kati ya 2 na 3. Ikiwa chini ya hapo bonge linaweza kutokea, na ikipanda sana mtu anaweza kuvuja damu hata ndani ya ubongo.

Mwaka 2009 Connolly na wenzake walichapisha utafiti ulioitwa RE-LY, uliofanywa kwa wagonjwa 18,113 katika nchi 44. Dawa mpya ya dabigatrani, isiyohitaji kipimo cha INR, ililinganishwa na warfarini, na kwa kiasi chake kikubwa ilizuia kiharusi na mabonge kuliko warfarini: asilimia 1.11 ya wagonjwa kwa mwaka dhidi ya 1.69. Kiharusi cha kuvuja damu, kile kinachoogopwa zaidi na kila anayemeza warfarini, kilipungua sana. Mwaka 2011 ukafuata utafiti mwingine aliouongoza, safari hii kwa watu 5,599 ambao warfarini iliwashinda au haikuwafaa. Apiksabani, dawa nyingine mpya ya kuzuia damu isigande, ililinganishwa na asprini, nayo ikapunguza kiharusi kwa zaidi ya nusu, hata utafiti ukasimamishwa mapema kwa sababu haikuwa halali kuendelea kuwapa wengine asprini.

Lau ningeishia hapo, ningempigia simu binamu na kumwambia atume boksi jingine.

## Walioachwa nje

Kilichonizuia ni sehemu ya ripoti ambayo wasomaji wengi huiruka, ile inayotaja watu wasioandikishwa. RE-LY iliwaacha wenye ugonjwa mkubwa wa vali za moyo, yaani milango ya kupitishia damu. Utafiti mkubwa wa rivaroksabani wa mwaka 2011 uliwaacha wenye vali ya mitrali iliyosinyaa kiasi cha kuzuia damu kupita vizuri. Ule wa apiksabani dhidi ya warfarini wa mwaka huohuo ulifanya vivyo hivyo. Sababu haikuwa dharau. Kwa watu hao hatari ya damu kuganda ilijulikana kuwa kubwa kiasi kwamba kuwaondolea warfarini kwa ajili ya majaribio kulionekana kuwa ni kuwahatarisha.

Lakini watu hao ndio shangazi yangu.

Alipokuwa mtoto huko Wete aliumwa koo, kisha magoti na vifundo vikavimba kwa zamu, leo huku na kesho kule, na watu wazima wakasema ni baridi yabisi itapita. Ilipita kwenye viungo. Kwenye moyo haikupita. Bakteria wa koo waitwao streptokoki huuamsha mwili ujilinde, na ulinzi huo ukakosea njia na kuushambulia moyo wenyewe, hasa vali ya mitrali, iliyo baina ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Vali hujikunja, hukakamaa, na miaka mingi baadaye, wakati mwingine baada ya mwanamke kuzaa watoto wake wote, husinyaa kiasi kwamba chumba cha juu kinatanuka kwa shinikizo na kupoteza mpango wa mapigo.

Connolly alikuwa mmoja wa walioona kwamba picha ya ugonjwa huu iliyojengwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini haikuwa picha ya dunia. Timu yake ilikusanya taarifa za wagonjwa wapatao 15,400 waliofika katika idara za dharura za hospitali katika nchi 47. Ugonjwa wa vali uliotokana na baridi yabisi ulikuwemo kwa asilimia 2 tu ya wagonjwa wa Amerika ya Kaskazini, na kwa zaidi ya asilimia 21 ya wagonjwa wa Afrika. Kisha wakawafuatilia kwa mwaka mmoja. Katika Amerika ya Kaskazini, Ulaya ya Magharibi na Australia, mmoja katika kumi alikuwa amefariki. Afrika alikuwa mmoja katika watano, na asilimia 8 walikuwa wamepata kiharusi.

Mmoja katika watano, ndani ya mwaka.

Naziandika namba hizi kwa uzito kwa sababu katika mabaraza yetu kifo cha mtu wa makamo aliyekuwa na moyo husemwa kwa upole kwamba siku zake zilifika, na imani hiyo ni yangu pia. Lakini imani hiyo haikatazi kuuliza kwa nini siku za watu wa upande mmoja wa dunia hufika upesi mara mbili kuliko za wengine.

## Dawa ileile, watu wengine

Kabla ya kufika kwenye jibu la swali la shangazi, kuna utafiti mmoja wa Connolly ambao ulinibadilisha namna ya kufikiri kuliko mwingine wowote, na hauhusu dawa za kuzuia damu kuganda.

Mwaka 2009 alikuwa miongoni mwa watafiti wa dronedaroni, dawa ya kutuliza mapigo, iliyojaribiwa kwa watu 4,628 ambao fibrilesheni yao ilikuwa ya kuja na kuondoka au iliyowezekana kurudishwa katika mpango. Ilifanya vizuri, kwa kuwa vifo na kulazwa hospitali kwa sababu ya moyo vilipungua. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba waliozidiwa, ambao mapigo yao yalikuwa yamevurugika moja kwa moja, wangefaidika pia. Connolly akaongoza utafiti wa kuwajaribu hao, wagonjwa 3,236, na mwaka 2011 ukasimamishwa kwa sababu ya madhara. Vifo vya moyo na mishipa vilikuwa 21 kwa waliopewa dawa na 10 kwa wasiopewa. Viharusi vilikuwa 23 kwa 10.

Dawa ileile, ugonjwa wenye jina lilelile, na matokeo yakageuka.

Waliosomea moyo walikuwa wamewahi kuonjeshwa uchungu huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Marekani, utafiti uliojulikana kama CAST uliwapa watu walionusurika na shambulio la moyo dawa zilizopunguza sana mapigo yao ya ziada kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, na baada ya miezi kumi kwa wastani, waliokufa miongoni mwa waliotumia dawa walikuwa 63, na miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 26. Karatasi ilikuwa safi na watu walikuwa wanakufa. Tangu hapo, katika fani hii, haitoshi kuonyesha kwamba dawa inarekebisha kile kinachoonekana, wala kwamba ilimfaa mtu anayefanana na mgonjwa wako kwa jina la ugonjwa.

Nikamkumbuka mzee wa Maskati. Yeye na shangazi wana jina moja la ugonjwa.

## Swali lililoulizwa kwa watu wetu

Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa INVICTUS, ulioongozwa na Connolly pamoja na Ganesan Karthikeyan wa New Delhi. Kwa mara ya kwanza kwa ukubwa huo, waliokuwa wakiachwa nje ndio waliokuwa ndani peke yao: zaidi ya watu 4,500 wenye fibrilesheni na ugonjwa wa vali uliotokana na baridi yabisi, kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 50 na nusu. Zaidi ya asilimia 72 walikuwa wanawake. Nusu walipewa rivaroksabani, dawa ileile iliyokuwa katika mkoba wa shangazi, na nusu wakapewa warfarini au dawa za jamii yake.

Utafiti ulipangwa kuonyesha kwamba dawa mpya si duni kuliko ya zamani. Matumaini yalieleweka, kwa sababu ndiyo dawa ambayo ingemwondolea mkulima wa kijijini safari za kupimwa, na kila aliyewahi kumsindikiza mgonjwa wa namna hii angetamani ifanikiwe. Mimi mwenyewe, miaka kadhaa baada ya matokeo kujulikana, niliisoma ripoti hiyo nikitamani ifanikiwe.

Haikufanikiwa.

Kati ya watu 2,275 waliopewa rivaroksabani, 560 walipata kiharusi, bonge la damu kwingineko mwilini, shambulio la moyo, au walifariki kwa sababu za moyo na mishipa au sababu isiyojulikana. Kati ya 2,256 wa upande wa warfarini, walikuwa 446. Viharusi vilikuwa 90 kwa 65. Waliofariki kwa sababu yoyote ile walikuwa 552 kwa 442. Na warfarini, ambayo sote tunaiogopa kwa kuvuja damu, haikuleta uvujaji mkubwa wa damu kwa kiwango kinachoweza kutofautishwa na bahati tu: 56 kwa waliopewa warfarini na 40 kwa waliopewa rivaroksabani. Ni haki niongeze kwamba uvujaji uliosababisha kifo ulikuwa mchache kwa waliotumia dawa mpya, 4 kwa 15, kwa hiyo hofu juu ya warfarini haikuwa ndoto. Lakini ukijumlisha yote, waliokaa na dawa ya zamani ndio waliobaki hai kwa wingi zaidi.

Hilo ndilo neno la daktari lilikosimama. Hakumnyima shangazi dawa ya matajiri. Alimpa dawa iliyowalinda wanawake wa umri wake, wenye vali kama yake, katika nchi zinazofanana na yetu, na alikuwa na namba za watu hao nyuma yake, ingawa foleni haikumpa nafasi ya kuzitaja.

## Vifo ambavyo dawa haivielezi

Ningeweza kumpigia binamu simu siku hiyo, lakini kulikuwa na jambo katika ripoti lililonisumbua zaidi ya matokeo yenyewe. Tofauti ya vifo haikutoka hasa kwenye viharusi. Ilitoka kwenye vifo vya ghafla na vifo vya moyo kuchoka na kushindwa kusukuma damu, tena ilijitokeza wazi baada ya muda kupita. Dawa ya kuzuia damu kuganda haijulikani kuwa tiba ya kuchoka kwa moyo. Kwa nini basi warfarini iwazuie watu wasife kwa kitu ambacho haikitibu?

Jambo hili halijapata maelezo yanayokubaliwa na wote. Waliopewa rivaroksabani waliacha dawa kwa wingi zaidi kuliko wenzao, na hilo linaweza kuwa sehemu ya sababu. Kuna pia jambo ambalo anayekaa katika vyumba vya kungojea vya kliniki hawezi kulipuuza: wa upande wa warfarini walitakiwa kupimwa damu mara kwa mara, kwa kawaida kila mwezi. Anayekuja kupimwa damu huonekana. Miguu iliyovimba huonekana, pumzi inayokatika akipanda ngazi husikika, dawa ya kupunguza maji mwilini huongezwa kabla hali haijawa mbaya. Sidai kwamba hili limethibitishwa, na wapo wataalamu wasioridhika nalo. Ninasema tu kwamba nilipokumbuka namna muuguzi na daktari walivyohesabu mapigo ya shangazi kwa pamoja, kazi ambayo hakuna kidonge kinachoweza kuifanya, nilishindwa kuliona wazo hilo kuwa jepesi.

Na kuna namba nyingine ambayo kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote kwa visiwa vyetu. Utafiti ulipoanza, ni theluthi moja tu ya wagonjwa wa warfarini waliokuwa na INR katika kiwango kinachotakiwa. Walipofuatiliwa vizuri, kiwango hicho kilipanda na kukaa kati ya asilimia 56 na 65. Si ukamilifu huo. Ni kazi ya kawaida iliyofanywa bila kukatizwa, na ilitosha.

Warfarini iliyoshinda ni warfarini iliyopimwa.

Hapo ndipo tuhuma ya binamu yangu ilipobadilika mikononi mwangu bila kufutika. Alikuwa na haki ya kuona kwamba mama yake anabeba mzigo ambao mgonjwa wa Hamilton haubebi. Mzigo huo haumo katika kidonge. Umo katika umbali baina ya kidonge na kipimo chake, baina ya nyumba yenye shamba la mikarafuu nyuma na mashine inayoweza kusema 2.4 au 4.8. Mtu anayemeza warfarini bila kupimwa hapati matibabu yaliyoshinda katika INVICTUS, hata kama kidonge ni kilekile na rangi ni ileile.

## Mambo ambayo nayasema kwa wenye wagonjwa

Kwa kuwa najua wasomaji wangu wengine wana mama au dada mwenye daftari kama la shangazi, nitayataja machache yenye uhakika. Flajili, ambayo kwetu hununuliwa dukani kwa ajili ya tumbo kama inavyonunuliwa panadoli, huipandisha sana nguvu ya warfarini, na septrini vilevile. Diklofenaki na asprini huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Yeyote anayeuguza mtu wa warfarini anatakiwa amtajie muuza dawa neno hilo kabla hajafungiwa chochote.

Mchicha na kisamvu havikatazwi. Kinachotakiwa ni mtu asile sana wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa, na daktari hupanga kiasi cha vidonge kulingana na mlo wa kawaida wa mgonjwa. Habasoda na mitishamba mingine isitumiwe kwa siri, aambiwe daktari. Mwezi wa Ramadhani hauleti tatizo la saa, kwa kuwa dawa humezwa mara moja kwa siku na inaweza kumezwa jioni baada ya futari, lakini mlo hubadilika mno mwezi huo, na kipimo kisiachwe.

Kwa msichana au mwanamke anayetarajia kuzaa, suala ni zito zaidi, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo. Asiiache mwenyewe kwa hofu, wala asingoje mimba ikue ndipo aseme. Aseme kabla.

Na mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe kituo cha afya. Penisilini inayotolewa kwa wakati huzuia yale yaliyompata shangazi, na mtoto ambaye tayari ameumwa baridi yabisi huhitaji sindano yake kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Ni dawa ya bei nafuu kuliko nyingine zote nilizozitaja katika makala hii.

## Simu ya Maskati

Nilimweleza shangazi kwanza, maana swali lilikuwa lake. Nilimwambia kwamba ndiyo, ni mioyo ya aina mbili: wa mzee yule umevurugika mapigo kwa uzee na presha, na wake umevurugika kwa sababu ya mlango uliosinyaa tangu utotoni, na dawa ya Maskati ilipopewa wanawake wenye mlango kama wake, waliokufa walikuwa wengi kuliko waliobaki na warfarini. Alinyamaza, kisha akauliza kama wanawake hao walijua kwamba wanajaribiwa. Nilimjibu kwamba walielezwa na wakakubali. Akawaombea dua.

Jirani mmoja alikuwa ameshaliomba lile boksi kwa ajili ya mumewe. Shangazi alikataa kulitoa mpaka mume huyo aonane na daktari, akisema kwamba dawa iliyokuwa haimfai yeye hajui kama inamfaa mtu mwingine.

Binamu alisikiliza muda mrefu bila kunikatiza. Mwishowe hakutaka tena kubishana juu ya vidonge. Alitaka kujua kama kuna kitu kingine anachoweza kutuma. Nikamtajia mashine ndogo ya kupima INR kwa tone la damu la kidoleni, inayotoa jibu kwa muda wa dakika moja hivi na kutumiwa na wagonjwa wengi wa Ulaya majumbani mwao. Daktari, nilipomuuliza, alisema kwamba hana kipingamizi iwapo majibu yake yatalinganishwa kwanza na ya maabara, na iwapo namba haitatumiwa na mtu kubadilisha vidonge kwa hiari yake, na akasisitiza kwamba kliniki ya Unguja itabaki palepale, ila pengine isiwe ya kila mara.

Yapo mambo tunayoendelea kuyatafutia ufumbuzi. Vibanzi vya kupimia vina tarehe ya kuisha na havitakiwi kukaa kwenye joto kali, na nyumba ya bati ya Wete mwezi wa Februari ni joto kali. Kila kipimo hula kibanzi kimoja, na vibanzi ndivyo vyenye gharama kuliko mashine yenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Nimeomba kuonana na wahusika wa kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani, nikiwa na pendekezo kwamba mashine itunzwe kwao, kwenye chumba chenye friji ya chanjo na muuguzi, badala ya kukaa kabatini kwa shangazi. Katika foleni ile ya Unguja nilisikia lafudhi za Konde, za Micheweni na za Chake, watu waliovuka bahari wakiwa na daftari la aina moja na la shangazi, na binamu amekubali kwamba kama kituo kitaipokea, vibanzi atakavyotuma visiwe vya mama yake peke yake.